Dawa Nyingi Si Afya: Daktari na Dhamana ya Dawa Aandikayo

Askari anapokabidhiwa risasi hutia sahihi. Arudipo zamu risasi huhesabiwa, na ikipungua hata moja huulizwa ilikwenda wapi, ilipigwa kwa sababu gani na kwa amri ya nani. Utaratibu huo umewekwa kwa kuwa risasi ikishatoka hairudi. Dawa nayo, ikishamezwa au ikishachomwa mwilini, hairudi. Lakini katika zahanati na maduka mengi ya dawa, mgonjwa mmoja hupewa aina nne au tano za dawa kwa siku moja, na hakuna aulizaye kila moja ilitolewa kwa ugonjwa gani, wala nani atajibu ikiwa mojawapo itamdhuru.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika pwani ya kusini ya Somalia, kuanzia mji wa Kismayu hadi Rasi Kiamboni, mpakani na Kenya. Mbele ya pwani hiyo vimepangana Visiwa vya Wabajuni, vikiwemo Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Wakaaji wake ni wavuvi na mabaharia, nao husema Kibajuni, tawi mojawapo la Kiswahili. Anayeugua ugonjwa mkubwa visiwani hana budi kupanda chombo kwenda Kismayu, au kuelekea kusini hadi Kiunga na Lamu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, safari hiyo huwa ngumu na ya hatari.

Na tuchukue mfano wa mama wa Chula ambaye mtoto wake ameshikwa na homa. Mama huyo amelipa nauli, amekaa chomboni kutwa nzima, na hajui atapata lini safari nyingine. Akifika mjini anataka dawa ya kutosha. Mwuza dawa naye hana darubini wala kipimo, ila ana rafu zilizojaa. Basi humpa dawa ya malaria kwa kuwa huenda ni malaria, dawa ya kuua vijidudu kwa kuwa huenda ni kifua, dawa ya minyoo kwa kuwa watoto wengi wanayo, sindano ya kushusha homa, na chupa ya vitamini. Mama hurudi ameridhika, maana mfuko umejaa. Lakini mtoto hakupimwa, na ugonjwa wake haujulikani hata sasa.

SABABU ZA WINGI WA DAWA

Yafaa ieleweke kwamba si kila daktari aandikaye dawa nyingi ana nia mbaya. Sababu ni nyingi, nazo huingiliana.

Sababu ya kwanza ni hofu. Daktari asiye na maabara huogopa kuuacha ugonjwa mmoja, kwa hiyo huitibu yote anayoidhania. Ya pili ni msongamano. Mgonjwa kuelezwa kwamba mafua hayahitaji dawa ya kuua vijidudu huchukua dakika kumi, na kumwandikia dawa hiyo huchukua nusu dakika. Ya tatu ni mgonjwa mwenyewe, ambaye mara nyingi huona ametupwa akiondoka bila sindano. Ya nne ni biashara. Pale ambapo mtu yule yule ndiye apimaye, aandikaye na auzaye, kila kidonge cha ziada ni faida kwake.

Katika Somalia iliongezeka sababu ya tano. Serikali kuu ilipoanguka mwaka 1991, usimamizi wa dawa uliondoka nayo. Dawa ziliingia kwa meli na kwa malori kutoka kila upande, zikauzwa na kila aliyeweza kufungua duka, awe amesomea kazi hiyo au hakuisomea. Kazi kubwa imefanywa baadaye kurudisha huduma. Hospitali Kuu ya Kismayu, kwa mfano, imesaidiwa kwa miaka mingi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hata hivyo hospitali moja haiwezi kulinda kila rafu ya dawa iliyoko mjini, vijijini na visiwani.

Jambo hili halikuanza jana. Mnamo Novemba 1985 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Nairobi kujadili matumizi bora ya dawa. Waliafikiana juu ya maana ambayo ingali ikifundishwa hadi leo. Kwa ufupi, mgonjwa apewe dawa inayolingana na ugonjwa wake, kwa kipimo kimfaacho yeye, kwa muda utoshao, na kwa gharama ndogo iwezekanavyo kwake na kwa jamii. Kipengele kimoja kikikosekana, dawa imetumika vibaya hata kama ilitoka katika kiwanda bora kuliko vyote.

SI KILA HOMA NI MALARIA

Katika Afrika Mashariki homa na malaria zilifanywa kuwa kitu kimoja kwa muda mrefu. Mtu akipata joto alikunywa klorokwini, na aliyeona uchungu wa kidonge alichomwa sindano. Dawa hiyo iliokoa maisha ya watu wengi, lakini ilitumiwa kwa wingi bila kipimo. Kati ya mwaka 1978 na 1979 wataalamu waligundua katika Kenya na Tanzania vijidudu vya malaria ambavyo klorokwini haikuviua tena. Usugu ulienea. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, na Tanzania Bara mwaka 2001. Dawa iliyoshika nafasi yake nayo haikudumu, na nchi hizo zikalazimika kuhamia dawa za mseto zenye artemisinini. Somalia nayo ilifanya badiliko hilo mwaka 2006. Dawa hizi ni akiba ya mwisho iliyo bora, na zikitumiwa ovyo hazina mbadala wa haraka.

Hasara ya kudhani haiishii kwenye usugu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali walipimwa damu zao kwa uangalifu. Waliokuwa na vijidudu vya malaria kweli walikuwa 46.1 kwa mia, yaani chini ya nusu. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba miongoni mwa wasiokuwa na vijidudu, 12 kwa kila mia walifariki, na miongoni mwa waliokuwa navyo walifariki 7 kwa mia. Hao wa kwanza walikuwa na ugonjwa mwingine, na jina la malaria lilikuwa limeshabandikwa juu ya vitanda vyao.

Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, popote kipimo kinapopatikana. Siku hizi kipimo cha haraka hufanyika kwa tone la damu la ncha ya kidole, hutoa jibu kwa muda wa robo saa, na hakihitaji umeme. Kinaweza kubebwa katika mfuko wa nahodha hadi Koyama.

Kuna na homa ya kidingapopo, ambayo wazee wa Zanzibar waliijua kwa jina hilo tangu karne ya 19. Ilizuka Mombasa mwaka 2013, na imeonekana pia Somalia. Huambukizwa na mbu aumaye mchana, huleta maumivu makali ya viungo, na inaweza kusababisha kutokwa damu. Mgonjwa wa homa hiyo akipewa aspirini, ibuprofeni au sindano ya diklofenaki ili kutuliza maumivu, hatari ya kutokwa damu huongezeka. Hapo sindano ileile iliyodhaniwa kuwa msaada huweza kumfikisha pabaya.

KIFUA KIKUU KILICHOZOEA DAWA

Ushahidi mzito zaidi wa madhara ya dawa zisizosimamiwa umetoka Somalia yenyewe. Mwaka 2010 na 2011 ulifanyika uchunguzi juu ya kifua kikuu kisichosikia dawa mbili zilizo kuu katika tiba ya ugonjwa huo. Miongoni mwa wagonjwa wapya, 5.2 kwa mia walikuwa na kifua kikuu sugu. Miongoni mwa wale waliowahi kutibiwa siku za nyuma, waliokuwa na usugu walifikia 40.8 kwa mia. Wakati huo viwango hivyo vilikuwa miongoni mwa vilivyo juu kabisa katika bara la Afrika.

Maana ya hesabu hiyo ni nyepesi. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa za mseto kwa muda wa miezi sita. Mgonjwa akipewa dawa za wiki tatu, au akipewa moja pasipo wenzake, vijidudu dhaifu hufa na vyenye nguvu hubaki. Vilivyobaki huzaana, na mgonjwa huwaambukiza watu wa nyumbani mwake ugonjwa ambao dawa ya kawaida haiuwezi. Kikohozi cha namna hiyo kikiingia katika bweni la askari au katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto sita, madhara yake hayasemeki.

Hapa msomaji atauliza: je, si kosa la mgonjwa aliyeacha dawa? Mara nyingine ndilo. Lakini mtu hawezi kumaliza dawa ambayo hakuelezwa kwamba ina mwisho. Aliyempa dawa ya miezi sita bila kumweleza sababu, bila kumwandika katika daftari, na bila kujua kama mwezi wa pili alirudi, hakutibu. Aliuza.

Dawa za kuua vijidudu kwa jumla hazifanyi kazi juu ya virusi, ambavyo huleta mafua na vikohozi vingi vya watoto. Kila zinapotolewa bure bure kwa magonjwa hayo, nguvu yake hupungua siku ile itakapohitajika kweli. Tena zina madhara yake. Tetrasaiklini hutia madoa ya kudumu katika meno ya mtoto mdogo, hata yale ambayo bado yamo ufizini. Jentamisini ikizidi kipimo huweza kudhuru figo na kuziba masikio. Kloramfenikoli, mara chache lakini kwa ukali, huzuia mwili kutengeneza damu.

SINDANO ISIYO NA SABABU

Watu wengi huamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Imani hiyo imewagharimu watoto wengi miguu yao. Ndani ya kalio hupita mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni. Sindano ikichomwa mahali pasipopasa, mshipa huo huumia, na mtoto aliyefika kwa miguu yake hurudi akichechemea au asiweze kuinua wayo. Aidha, dawa kali kama kwinini ikichomwa tena na tena katika msuli huufanya ukakamae. Wilayani Kumi, mashariki mwa Uganda, ulemavu wa namna hiyo umeonekana kwa watoto wengi kiasi cha kufanyiwa utafiti maalumu uliochapishwa mwaka 2018. Wengi wao walikuwa wamechomwa sindano kwa ajili ya homa.

Sindano iliyotumika zaidi ya mara moja hueneza homa ya manjano ya ini na Ukimwi. Kwa hiyo kanuni ni moja: anayeweza kumeza na kutotapika apewe dawa ya kumeza, isipokuwa ugonjwa wake ni mkali au dawa yenyewe haina namna nyingine.

ASKARI NA KIDONGE CHA KILA WIKI

Familia za wanajeshi na polisi zina sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili, maana askari ni mtu apewaye dawa kwa amri. Raia akitilia shaka kidonge anaweza kukiweka kando. Askari husimama katika mstari na kumeza.

Mwishoni mwa mwaka 1992 Kanada ilipeleka askari wa miavuli katika Somalia, wakapiga kambi Beledweyne. Ili kuwakinga na malaria walipewa dawa iitwayo meflokwini, kidonge kimoja kila wiki. Safari ilipoanza, dawa hiyo ilikuwa bado haijapata kibali cha kuuzwa Kanada. Ilipatikana kwa masharti ya uchunguzi wa usalama: watumiaji waelezwe, wafuatiliwe, na madhara yaandikwe na kuripotiwa. Mwaka 1999 Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo alieleza kwamba wizara ya ulinzi haikuyatimiza masharti hayo ya ufuatiliaji.

Baadhi ya askari walilalamika juu ya ndoto za kutisha, wasiwasi na hasira. Mwezi Machi 1993 kijana wa Kisomali, Shidane Arone, aliteswa kambini na baadhi ya askari hao mpaka akafa, na kisa hicho kikaitikisa Kanada nzima. Wako waliouliza kama dawa ilichangia. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka 1997 haikuweza kulikata swali hilo, na kwa hakika hakuna kidonge kimwondoleacho mtu dhambi ya kutesa. Hata hivyo, lau madhara yangaliandikwa wiki kwa wiki kama ilivyoagizwa, swali hilo lingalipata jibu. Kutoandika kulizinyima haki pande zote mbili, jamaa wa marehemu na askari walioumia.

Elimu iliyopatikana baadaye ilizidi kulipa uzito jambo hilo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru meflokwini iwekewe onyo lake kali kuliko yote, kwamba inaweza kuleta kizunguzungu, mlio masikioni, huzuni na mashaka ya akili, na kwamba baadhi ya madhara huweza kudumu hata baada ya dawa kuachwa. Mwaka 2016 kamati ya ulinzi ya Bunge la Uingereza ilishauri dawa hiyo iwe chaguo la mwisho kwa wanajeshi. Jeshi la Kanada lilichukua msimamo kama huo mwaka 2017.

Tangu majeshi ya Umoja wa Afrika yaingie Somalia mwaka 2007, na askari wa Kenya wafike Kismayu mwaka 2012, maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki wamehudumu katika nchi yenye malaria. Kinga ya malaria ni ya lazima kwao, na mtu asichukue habari hizi kuwa ruhusa ya kutupa vidonge. Anachostahili askari ni kuulizwa kwanza kama aliwahi kupata kifafa au ugonjwa wa akili, kuelezwa dalili za kuangalia, na kuwa na daktari ambaye atamsikiliza akisema kwamba hapati usingizi. Daktari wa kikosi ana cheo begani, lakini kiapo chake cha tiba kinamfunga kwa mgonjwa aliye mbele yake.

NANI AJIBU?

Nchini Japani, kati ya miaka ya 1950 na 1970, watu zaidi ya 10,000 walipata ugonjwa wa ajabu. Miguu ilikufa ganzi, wengine wakapooza, wengine wakawa vipofu. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, na wagonjwa walitengwa na majirani zao. Baadaye iligunduliwa kwamba chanzo ni kliokwinoli, dawa ya kuhara iliyoaminiwa kuwa haina madhara, na iliyokuwa ikiuzwa katika nchi nyingi. Dawa hiyo yenyewe huweza kuumiza tumbo. Mgonjwa aliporudi akilalamikia tumbo, daktari alimwongezea dawa ileile. Serikali ya Japani iliisimamisha mwaka 1970, na mwaka 1978 mahakama ziliamua kwamba watengenezaji na serikali wanawajibika kuwalipa walioumia.

Hukumu hiyo ilifundisha kwamba dhamana ya dawa ni mnyororo. Kiwanda kinajibu juu ya ukweli wa maelezo yake, serikali inajibu juu ya kibali ilichotoa, na daktari anajibu juu ya uamuzi wake kwa mgonjwa huyu, siku hii. Mwaka 2011 mahakama ya Los Angeles ilimtia hatiani daktari wa mwimbaji Michael Jackson kwa kuua bila kukusudia, kwa kuwa alimpa dawa kali ya usingizi ya hospitalini, nyumbani, pasipo vifaa vya kumwangalia. Kwamba mgonjwa mwenyewe aliitaka dawa hiyo hakukumwokoa daktari. Kazi ya daktari ni pamoja na kukataa.

Katika pwani ya Waislamu jambo hili si geni. Wanazuoni wa fiqhi wamefundisha tangu zamani kwamba mtu ajifanyaye tabibu pasi na elimu ya kazi hiyo ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Tabibu mjuzi aliyepewa idhini na kufuata kanuni za kazi yake hadhaminishwi kwa sababu tu mgonjwa hakupona. Mizani hiyo ni ya haki, na sheria za leo zinafanana nayo. Haidaiwi kila daktari aponye. Hudaiwa awe na elimu, apime, aeleze, aandike na afuatilie.

Kenya ina Baraza la Madaktari ambalo hupokea malalamiko ya wagonjwa, na Tanzania lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. Tanzania pia, kuanzia mwaka 2003 mkoani Ruvuma, ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo wauzaji wake hufunzwa na kukaguliwa, na huruhusiwa kuuza dawa zilizoorodheshwa tu. Mpango huo ulionyesha kwamba hata vijiji vilivyo mbali na hospitali vinaweza kupata dawa bila kuachiwa soko holela.

Kusini mwa Somalia njia ya kudai haki imekuwa nyembamba. Tangu 1991 madhara mengi yamesuluhishwa na wazee kwa fidia iitwayo mag, ambayo ukoo mmoja huulipa ukoo mwingine. Utaratibu huo una faida yake, lakini humsaidia zaidi mwenye ukoo wenye nguvu. Wabajuni ni watu wachache, wasio na silaha. Vita vilipoanza wengi walinyang'anywa vyombo na makazi, wakakimbilia Mombasa na Malindi. Mvuvi wa Chovai ambaye mwanawe amelemazwa kwa sindano atamdai nani, na nani atasimama naye? Ndiyo maana baraza la madaktari na ukaguzi wa maduka ya dawa ni lazima kwa nchi inayojijenga upya. Hapo ndipo mnyonge apatapo haki bila kuulizwa ukoo wake.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Wakati sheria zikisubiriwa, nyumba inaweza kujilinda kwa mambo yafuatayo.

Kwanza, mama au baba amwulize mtoaji wa dawa maswali manne: Ugonjwa huu unaitwaje, na umeujuaje? Dawa hii inafanya kazi gani? Itumike vipi, na kwa siku ngapi? Nikiona nini nirudi upesi? Daktari mwema hatachukia, kwani kuuliza si ujinga. Akishindwa kujibu swali la kwanza, dawa tano za baadaye hazina msingi.

Pili, mtoto anayehara bila damu kwa kawaida hahitaji dawa ya kuua vijidudu wala ya kufunga tumbo. Anahitaji maji. Pakiti ya chumvichumvi za kuhara ndiyo bora. Isipopatikana, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Mpe kidogo kidogo, na anyonyeshwe kama kawaida. Kliniki humwongezea vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Akiwa na damu katika choo, macho yaliyodidimia, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja.

Tatu, dawa ya mtu mmoja isigawiwe kwa mwingine, na mabaki ya mwaka jana yasiwekwe kuwa akiba. Makasha na karatasi za dawa yahifadhiwe, ili daktari mwingine ajue mgonjwa amekwisha tumia nini.

Nne, mwenye mimba aseme kwamba ana mimba kabla ya kupokea dawa yoyote. Mzee atumiaye dawa za shinikizo la damu au kisukari azionyeshe zote kila aendapo kwa daktari, maana dawa mbili njema huweza kugombana ndani ya mwili mmoja.

Tano, na hili ni muhimu kama yote yaliyotangulia: asije mtu akaacha ghafla dawa za kifua kikuu, Ukimwi, kifafa, kisukari au shinikizo la damu kwa kuogopa madhara. Aende kwa aliyemwandikia, amweleze, na wabadilishe pamoja. Kuacha dawa inayohitajiwa huua kama vile kumeza isiyohitajiwa.

Sita, mtu akipata vipele, kuvimba uso, kupumua kwa shida, manjano ya macho, au degedege baada ya dawa, arudi hospitali na kasha la dawa mkononi. Daktari naye aliandike tukio hilo, hata kama dawa aliitoa yeye mwenyewe.

Daktari aandikapo jina lake chini ya karatasi ya dawa huwa ametoa dhamana. Mgonjwa wa Kismayu, wa Lamu au wa kambini hana darubini ya kuchunguza damu yake wala kitabu cha kupimia kidonge, na kitu alichonacho ni imani kwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Imani hiyo ilindwe kwa kipimo kabla ya dawa, kwa maelezo wakati wa dawa, na kwa ufuatiliaji baada ya dawa. Na pale ambapo mgonjwa hana haja ya dawa, daktari awe na ujasiri wa kumwambia hivyo na kumrudisha nyumbani mikono mitupu.